Nani anafundisha formatere wa mashofere?

Kijana akipata kazi ya kuendesha kamio, familia inauliza kama iko na permi na mushahara ni ngapi. Wachache wanauliza nani atamufundisha. Na wachache zaidi wanauliza kama ule formatere mwenyewe alifundishwa namna ya kufundisha.

Tuanze na uzito. Bene ya mine aina ya Caterpillar 777 inabeba toni karibu 90 za mawe. Ikijaa, mashini na muzigo pamoja vinapita toni 160. Mupira wake moja iko na urefu wa metre 2,70 hivi: mwanaume murefu akisimama kando yake, kichwa hakifiki juu. Shofere anakaa kule juu, upande wa kushoto, na upande wa kuume kuko fasi kubwa yenye macho yake haifiki. Land Cruiser inaweza kusimama pale na watu wane ndani, na shofere hajui kitu. Bene ikienda kilometre 36 kwa saa, mwendo wenye kuonekana wa pole, inakula metre 10 kila sekonde. Ukiangalia telefone sekonde mbili, umekwisha kwenda metre 20 kama kipofu.

Ile mashini njo tunaipa kijana. Na tunaambia mutu mumoja: mufundishe.

Ule mutu anachaguliwa namna gani? Fasi mingi, shefu anaangalia mu ekipi nani iko wa zamani, nani anafanya matour mingi mu posti moja, anamuambia: kuanzia kesho uko formatere. Wanamupa jile ya rangi ingine, inaisha. Naye anafanya paka vile walimufanyia: anapandisha kijana, anamuambia « angalia vile niko nafanya », kiisha siku tatu « sasa fanya weye ».

Shida haiko ubaya wa moyo. Shida ni kwamba shofere wa zamani hajui vitu vyote anavyojua. Mikono yake njo inajua. Umuulize namna anarudisha bene nyuma mpaka ku ukingo wa kumwangia mawe, atakujibu: unaangalia retro, unarudia polepole, unasikia. Unasikia nini? Mu ile neno moja, « unasikia », muko miaka makumi mbili ya kazi: mulio wa moteri ukibadilika, udongo ukianza kuwa mororo chini ya mipira, kiti kikiinama kidogo. Kijana hawezi kuona ile yote kwa kukaa kando.

Fundo ya kamba

Hii mambo haikuanza huku kwetu. Mu mwaka 1940, viwanda vya Marekani vilikuwa na haja ya wafanyakazi wengi kwa haraka, juu ya vita. Mafundi hawakutosha. Mu viwanda waliingia watu wa mashamba na wanawake wengi wenye hawakukuwa wamegusa mashini hata siku moja. Serikali ikaanzisha programu moja, Training Within Industry. Ile programu haikujaribu kufundisha kila mufanyakazi. Ilichukua mashefu wa ekipi, ikawafundisha kufundisha. Mpaka inafungwa mu 1945, watu kupita milioni moja na nusu walikuwa wamepata sertifika zake.

Somo lake la kwanza lilikuwa la kamba. Mwalimu aliita mutu mumoja mbele, akamueleza kwa maneno tu namna ya kufunga fundo moja yenye mafundi wa umeme wanajua. Mutu akashindwa, watu wakacheka. Mwalimu akaonyesha kwa mikono bila kusema neno. Mutu akashindwa tena. Mara ya tatu, akaonyesha na kueleza pamoja, kipande kimoja kimoja. Kiisha akamupa kamba, akamuomba afunge na aseme mwenyewe anafanya nini na juu ya nini. Hapo fundo ikatoka.

Mpaka leo, masomo ya maformatere yanafuata ile njia ya hatua ine: tayarisha mwanafunzi, muonyeshe kazi, mwache ajaribu mbele yako, kiisha mufuate siku zenye kuja. Na muko kanuni moja kali yenye kuumiza wazee wengi wa volani: kama mwanafunzi hajajua, ni mwalimu njo hajafundisha. Huku Katanga somo la kamba linaweza kufanywa na kamba ya kufunga bashi ya kamio. Kila shofere anajua kuifunga. Umuambie aieleze kwa maneno, mikono nyuma ya mugongo, utaona jasho.

Kwetu hii shida iko na historia yake. Gécamines, iliyozaliwa mu 1967 nyuma ya Union Minière, ilikuwa na vituo vyake vya kufundisha, na kijana alikuwa anapanda ngazi moja moja chini ya macho ya wakubwa. Kiisha kazi ikaanguka. Ku départ volontaire ya miaka 2003 na 2004, wafanyakazi kupita 10.000 walirudi nyumbani na pesa kidogo mukononi, na kati yao walikuwa wale wenye kujua kufundisha. Hapo hapo, kodi ya mine ya 2002 ilikuwa imefungulia kampuni mupya mulango. Karieri zilianza tena kwa mbio, mashini mupya zikaja, lakini ule muzee wa kukaa kando ya kijana hakukuwa tena mu kiti. Mashini inanunuliwa kwa siku moja. Mwalimu, hapana.

Kuvunja kazi vipande

Kazi ya kwanza ya mutu anayetayarishwa kuwa formatere ni kurudia kuwa mwanafunzi. Wanamupandisha mu mashini, mutu mwingine anaandika kila kitu anachofanya. Pale anajua kama anashuka ngazi akipatia mugongo njia, na mukono moja ukishika telefone, wakati kanuni inaomba uangalie ngazi na ushike fasi tatu kila wakati: mikono mbili na muguu moja, ao miguu mbili na mukono moja. Anajua kama tour ya mashini asubuhi anaifanya nusu. Kosa ndogo ya shofere wa zamani inakaa kwake peke yake. Kosa ya formatere inaingia mu vijana kumi.

Kiisha anajifunza kuvunja kazi vipande. Tuchukue mufano wa kushuka rampi. Shofere anasema: « Unashuka tu, na ralantiseri. » Formatere anaandika vingine. Kabla ya mutelemuko, ukiwa bado fasi ya sawasawa, punguza mwendo. Chagua vitesi ya chini. Weka ralantiseri. Angalia moteri inazunguka kwa nguvu ya kutosha, angalia joto la mafuta ya freni. Acha nafasi na bene ya mbele. Na kando ya kila kipande anaandika sababu, kwani kijana asipojua sababu, siku iko peke yake ataruka kipande.

Hapa sababu iko hii. Mu bene kama ile, mafuta njo inapoza freni, na ile mafuta inasukumwa kwa nguvu ya moteri. Ukishuka na vitesi kubwa, moteri inazunguka polepole, mafuta inapita kidogo, freni inachemka. Toni zaidi ya 60 za bene, hata ikiwa tupu, zinabakia bila kitu cha kuzishika. Shofere wa miaka kumi na tano anabadilisha vitesi mbele ya mutelemuko bila kufikiri. Kijana mwenye kukaa kando aliona mukono umetikisika, basi. Hakujua kama ule mukono ulikuwa unaongea na mutelemuko wenye haujafika.

Ku makamio ya barabara ni vingine, na formatere wa barabara anapaswa kuisema vingine: pale freni ya ngoma inachoka ikipata moto, na mutu anayefinya-finya pedali anamaliza hewa mu chupa. Wazee wa njia wanasema vitesi ya kupandia mulima njo vitesi ya kuushukia. Ni neno zuri. Lakini umuambie kijana tena juu ya nini.

Ku rampi formatere anafundisha tena ukingo wa udongo, ule wanaita merlo. Mu mine mingi kanuni inaomba ufike angalau nusu ya urefu wa mupira wa gari kubwa kupita zote. Kwa 777 ni metre 1,35 hivi. Kijana anapaswa kuuangalia kila tour, na kama greda imeukata, aseme ku radio mbele ya kupita. Ule udongo njo kitu cha mwisho kati yake na shimo.

« Ndiyo, Papa »

Hapa tunafika fasi yenye vitabu vya kutoka inje haviongei sana, na kwetu njo ngumu kupita zote.

Formatere anaeleza, kiisha anauliza: « Umesikia? » Kijana anajibu: « Ndiyo, Papa. » Kila mara. Hata kama hakusikia kitu, atasema ndiyo, Papa. Tulimulea vile. Mutoto wa heshima hamuambii mukubwa kama maneno yake haikueleweka. Ni kama kusema mukubwa hajui kuongea. Nyumbani ile heshima iko muzuri. Mu kabini ya bene inaua.

Kwa hiyo formatere anajifunza kuacha ile swali kabisa. Haulizi « umesikia? ». Anasema: « Mwana, nielezee sasa weye. Mimi niko kijana wa mupya, weye uko formatere. » Ao: « Freni ya muguu ikikatala hapa katikati ya rampi, mukono wako unaenda wapi? Onyesha, usiseme. » Na anajifunza kuhesabu mu kichwa mpaka tano mbele ya kusaidia, kwani kijana anayefikiri anakaa kimya, na mukubwa wa kwetu hapendi kimya.

Maneno yenyewe yanapaswa kupatana mbele ya kuwasha moteri. Kabini ina makelele, kijana iko na woga, na mutu mwenye woga anarudia ku luga ya mama yake. Mumoja alisoma « droite » na « gauche » ku masomo, mwingine anasema kuume na kushoto, wa tatu anapotea mu yote mbili. Ukisema « ngoja », mumoja anasimama, mwingine anapunguza tu. Formatere anachagua maneno machache, kila moja na maana moja: « Simama » ni freni sasa hivi, bila kuuliza. Mu makamio yenye kutoka China, tablo inaweza kuwa na maandiko ya Kichina peke yake. Basi anafundisha rangi na picha, nyekundu inasema nini, ya manjano inasema nini. Klaksoni ni luga tena: mu mine mingi, moja ni kuwasha moteri, mbili ni kwenda mbele, tatu ni kurudi nyuma.

Paka sauti

Gari ya auto-école iko na pedali ya pili, monitere anafinya. Bene ya mine haina. Formatere anakaa mu kiti kidogo cha kando, bila volani, na ulinzi wake wote ni sauti. Juu ya ile, kazi yake kubwa ni kupanga siku: kwanza fasi tambarare, bene tupu, mchana, hakuna gari ingine. Kiisha pisti. Kiisha kurudia nyuma ku shovu. Kiisha muzigo. Usiku inakuja mwisho, na mu wakati wa mvula, udongo mwekundu ukikuwa kama sabuni, kila kitu kinaanza upya. Kijana aliyefundishwa mwezi wa saba, wakati wa mavumbi, hajafundishwa kwa mwezi wa kumi na mbili. Simulateri inasaidia hapa, kwani pale unaweza kumuonyesha kijana freni ikikufa bila mutu kukufa. Lakini simulateri bila formatere wa kueleza kosa inakuwa muchezo wa video.

Kuko zoezi moja ninaloona nzuri kupita zote. Mapolisi wa Uingereza walilizoea tangu zamani mu masomo yao ya kuendesha, na mu mine limeingia. Shofere anaendesha huku akisema kwa sauti kila anachoona na anachotaka kufanya:

« Mbele kuko greda, iko upande wa kuume. Nyuma yake kuko pikap, naona drapo yake. Napunguza. Njia iko na maji, bametoka kumwanga, itateleza. Retro ya kuume: hakuna mutu. Napita nyuma ya pikap kuondoka. »

Formatere anasikiliza kile kijana hasemi. Kama hakutaja pikap, hakuiona. Hata « ndiyo, Papa » haiwezi kuficha ile. Lakini formatere anapaswa kuweza kuifanya yeye mwenyewe mbele, na hapa wazee wengi wanashangaa: kiisha dakika mbili maneno yanaisha. Macho yalikuwa yanaona, kinywa hakikuzoea. Inaomba siku nyingi.

Ku barabara

Mu mine kuko angalau kanuni. Ku barabara ya Kolwezi, Likasi, Lubumbashi na Kasumbalesa, mashofere wengi walifundishwa na usiku. Kijana anaanza kama konvoyere: anaosha kamio, anaweka mawe nyuma ya mipira, anapika. Siku moja shofere iko na usingizi, anamuambia: kamata kidogo, njia iko wazi. Njo masomo. Hatucheki ile njia, ilitoa mashofere wakubwa. Lakini inafundisha pamoja na ujuzi kila tabia mubaya ya ule mukubwa, na hakuna siku moja mutu anasema: hapa umeshindwa, rudia.

Na ile barabara inaomba mwalimu wa kweli. Kodi ya barabara ya 1978 inatuambia kuendesha upande wa kuume. Ukivuka Kasumbalesa, Zambia inaendesha kushoto. Makamio ya kutoka Zambia, Tanzania na Afrika ya Kusini iko na volani upande wa kuume. Ikiwa huku kwetu, shofere wake anayetaka kupita kamio ingine hawezi kuona njia mpaka nusu ya gari yake imekwisha kuingia katikati. Anategemea jicho la konvoyere. Shofere wetu mwenye kukutana naye hakuna mutu aliyemuambia ile. Formatere njo wa kumuambia.

Kiisha kuko muzigo. Mu mwezi wa pili wa 2019, karibu na kijiji cha Kabwe ku Lualaba, kamio ya asidi sulfuriki iligongana na magari mengine. Watu karibu makumi mbili walikufa, na wengine waliunguzwa na asidi. Mwenye kufundisha kuendesha sisterne anapaswa kujua kama maji haisimami pamoja na gari: unafinya freni, gari inasimama, muzigo unaendelea mbele na kusukuma. Ku kona unaenda upande na kuinamisha kamio. Sisterne ya nusu ni mubaya kuliko yenye kujaa. Kijana aliyezoea mifuko ya kobalti ao kathode za shaba, zenye kufungwa na kutulia, hajui ile mpaka aambiwe ao ipate kumufikia.

Sinyature

Mwisho wa masomo kuko karatasi, otorizasio ya kuendesha mashini fulani mu shantie fulani. Pale formatere anatia sinyature, na pale njo anajaribiwa kweli. Shefu wa produksio iko na mabene tatu yenye kusimama bila shofere, anapiga telefone: ule kijana, bado tu? Nyumbani, mutoto wa ndugu anangoja kazi, mama yake anakuja kila siku ya mungu kusalimia. Shantie zenye akili zinamulinda formatere: yeye anafundisha, mutu mwingine anapima, na hakuna anayeweza kumupokonya jile juu ya kusema « bado ». Fasi ile ulinzi hauko, karatasi inakuwa zawadi.

Wamama na wababa wenye kijana mu ile kazi wanaweza kumuuliza, bila kungoja kampuni. Ulikuwa na formatere masaa ngapi kando yako? Ulishuka rampi na yeye usiku? Nani alikupima, ni yeye ao mutu mwingine? Kama anajibu kwa kuonyesha karatasi tu, muulize tena.

Na kuko mambo ya pesa, yenye hayaongewi sana. Shofere wa bene anapata prime kwa tour ao kwa toni. Siku anakaa mu kiti cha kando na mwanafunzi, bene inatembea polepole, tour zinapungua, na fasi zingine prime yake inapungua naye. Kwa hiyo wale wazuri kupita wote wanakatala jile. Wanasema kwa adabu kama mugongo unawauma. Kampuni inabakia na wale wenye kukubali, na inashangaa mwaka wenye kufuata juu ya mipira inayoisha mbio na retro zenye kuvunjika. Kumulipa formatere prime ya shofere muzuri, hata bene yake ikifanya tour nusu, ni pesa kidogo kando ya bei ya mupira moja ya 777.